Kutoka Mpira wa Semina hadi Madumu ya Maji: Vifaa Kumi vya Kukaza Mkono

Kwanza tuelewane. Mkono unaozungumziwa hapa si mkono wa birika. Huo hauhitaji mazoezi, hujikaza wenyewe kila bili inapofika mezani. Huu ni ule mkono unaofungua chupa ya jamu iliyowashinda watu wazima watatu, unaong'ang'ania bomba la daladala dereva anapokanyaga breki bila taarifa, na unaotoka salama kwenye salamu ya yule shemeji anayedhani kupeana mikono ni mashindano. Kila familia ina shemeji huyo. Kama kwenu hayupo, chunguza: huenda ni wewe.

Biashara ya kuukuza mkono huo imechangamka. Ingia maduka ya vifaa vya michezo Kariakoo utakuta vibano, mipira, springi na matufe yenye taa, na muuzaji atakuapia kwamba kila kimoja ndicho kinachotumiwa na makomando. Makomando wa wapi, hasemi. Kwa hiyo nimevipanga kumi, kuanzia cha mkiani hadi bingwa, na nimevipanga kwa haki kabisa, yaani kwa upendeleo wangu mwenyewe.

Kabla hatujaanza kurushiana maneno, jambo moja la mwili. Ndani ya vidole vyako hamna misuli ya kuvikunja. Misuli inayofanya kazi hiyo imekaa kwenye kigasha, kati ya kiwiko na kifundo cha mkono, na huvivuta vidole kwa kano ndefu zinazopita kifundoni. Shika kigasha chako kwa mkono wa pili, kisha chezesha vidole: utaisikia ikitembea chini ya ngozi. Kiganja nacho kina misuli yake midogo, hasa ya dole gumba, lakini mzigo mzito unabebwa na kigasha. Kifaa kisichokichosha kigasha, basi, ni pambo. Halafu mkono una kazi nne: kukamua, kubeba, kufinya na kufungua. Hakuna kifaa kimoja kinachozifanya zote, hata muuzaji akiapa kwa jina la bibi yake.

Na kwa nini ujisumbue? Mwaka 2015 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha utafiti uliofuatilia watu karibu 140,000 katika nchi 17, zikiwemo Zimbabwe na Afrika Kusini. Nguvu ya mkono ilipopungua kwa kilo 5, hatari ya kufa kwa sababu yoyote ile ilionekana kupanda kwa asilimia 16, na kipimo hicho kilibashiri vifo vizuri kuliko namba ya juu ya presha. Usikimbilie dukani bado. Hii haina maana kwamba anayekamua springi hafi. Ina maana kwamba mkono husema ukweli kuhusu mwili mzima, ukiwemo ule unaofichwa chini ya koti. Wataalamu wa Ulaya, katika mwongozo wao wa 2019 kuhusu misuli inayopungua uzeeni, waliweka mstari: mwanamume akibana dainamomita, yaani kifaa cha kupimia nguvu ya mkono, asifike kilo 27, au mwanamke asifike kilo 16, ni dalili ya kuchunguzwa. Shemeji anasema yeye hana haja ya kupimwa. Wanaosema hivyo ndio wa kupimwa.

Haya, twende.

10. Mpira wa sponji wa semina

Ni ule mpira laini wenye nembo ya benki, unaogawiwa pamoja na kalamu isiyoandika. Unaubana, unabonyea, unauachia, unarudi. Hakuna kilichotokea. Msuli huongeza nguvu pale unapopewa mzigo unaozidi kidogo ule uliouzoea, na mpira huu msuli uliuzoea siku ile ile ya semina, kabla ya chai ya saa nne. Mtoto mchanga huzaliwa akiwa na tabia ya kukamata chochote kinachogusa kiganja chake. Mpe kidole, na utakuta ana mshiko kuliko mpira wote. Uache mezani kwa ajili ya vikao vya bajeti. Huko una kazi.

9. Vipira vya Baoding

Viwili, vya chuma, asili yake mji wa Baoding nchini China. Unavizungusha kiganjani vikilia ting, ting. Vinalainisha vidole, vinatuliza akili, vinakupa sura ya mtu mwenye hekima. Nguvu havikupi. Atakayepata nguvu ni jirani yako, za kuja kugonga mlango saa sita usiku.

8. Tufe la jairo

Ndani ya tufe la plastiki kuna gurudumu. Unaliwasha kwa kuvuta kamba kama jenereta, kisha unazungusha kifundo cha mkono, nalo linapokea mwendo na kuongeza kasi hadi maelfu ya mizunguko kwa dakika huku likivuma. Mmarekani Archie Mishler alipata hataza yake mwaka 1973, na tangu hapo limeuzwa kwa majina chungu nzima, linalojulikana zaidi likiwa Powerball. Nalipa heshima moja: kadiri unavyolikimbiza ndivyo linavyokupinga, kwa hiyo mzigo unapanda pamoja na wewe. Kigasha kinawaka kweli, na kifundo kilicholala siku nyingi kinaamka. Ila linajenga ustahimilivu zaidi kuliko nguvu, na vidole vyenyewe vimekaa tu, abiria.

Maisha yake nyumbani yanajulikana. Jumamosi linanunuliwa. Jumapili kila mgeni analijaribu. Jumatatu kamba imepotea.

7. Kibano cha plastiki chenye namba

Mfalme wa maduka. Mipini miwili, springi katikati, na kitufe cha kuzungusha chenye namba kuanzia kilo 5 hadi kilo 60. Kilo hizo zilipimwa wapi, na nani, na alikuwa anawahi wapi?

Fanya jaribio hili kabla hujalipa. Bana vidole vikiwa kwenye ncha ya mpini, mbali na springi: chepesi. Sasa vipandishe karibu na springi: kigumu. Namba kwenye kitufe haijasogea hata kidogo. Kilichobadilika ni urefu wa wenzo. Ndiyo maana watu wawili wanaweza kubana kibano kimoja, wakasoma namba moja, na wakawa wamefanya kazi mbili tofauti kabisa. Kwa mkono dhaifu unaoanza si kibaya, na bei yake haimfilisi mtu. Tatizo ni pale unapofika mwisho wa namba baada ya wiki chache, ukaanza kukibana mara mia tatu huku ukitazama tamthilia. Hapo hujengi nguvu tena. Unapitisha jioni.

Kuna toleo lenye kihesabio. Shemeji analo. Anasema amefika elfu moja kwa siku, na shahidi wake ni kihesabio.

6. Udongo wa tiba, au unga wa chapati

Wataalamu wa tiba ya mikono hutumia udongo laini wa silikoni unaouzwa kwa rangi, kila rangi na ugumu wake. Mgonjwa anaukamua kwa ngumi, anaufinya kwa vidole viwili, anauvisha vidoleni kama pete kubwa kisha anaupanua. Kwa aliyefunguliwa plasta majuzi, au aliyepigwa kiharusi na anajifunza upya kushika kikombe, hiki ndicho nambari moja na mimi natulia kimya. Hapo daktari na mtaalamu wake ndio wenye orodha.

Kwa mzima wa afya, toleo la nyumbani liko jikoni. Kanda kilo mbili za unga wa chapati hadi ulainike, halafu uniambie kigasha kinasemaje. Kuna wanaume wanaolipia jimu kila mwezi na mashine hii wanayo nyumbani, bure, na hawajawahi kuigusa. Ukikanda vizuri unapata misuli na chapati. Ukikanda vibaya unapata misuli tu, na maelezo ya kutoa mezani.

5. Ndoo ya mchele

Sasa tunaingia kwenye vitu vya watu wazima. Steve Carlton, mrushaji wa besiboli wa Philadelphia Phillies huko Marekani, alijulikana kwa kuzamisha mkono wake kwenye chombo kilichojaa mchele na kuuchimba hadi chini, akikunja na kukunjua vidole. Mwaka 1972 timu yake ilikuwa hoi: ilishinda michezo 59 msimu mzima, na 27 kati ya hiyo alihesabiwa yeye kama mrushaji mshindi. Sisemi ni mchele uliofanya hayo. Nasema mchele haukumzuia.

Uzuri wa ndoo ni kwamba punje zinakupinga kila upande. Kibano kinakupinga ukifunga tu. Mchele unakupinga ukifunga, ukifungua, ukisokota, ukitoka. Zamisha mkono hadi juu ya kifundo, fungua vidole kwa nguvu, kunja, zungusha kulia na kushoto, dakika moja moja. Inatosha.

Lakini hebu tuseme ukweli kama watu wa nyumba moja. Bwana Carlton alikuwa analipwa mshahara wa besiboli. Wewe ukionekana umezamisha mkono kwenye ndoo ya mchele wa Kyela, utaulizwa maswali ambayo misuli haiwezi kuyajibu. Tumia mchanga mkavu uliochekechwa. Ni mzito kuliko mchele, haupandi bei, na hakuna atakayekuuliza saa ngapi utaupika.

4 na nusu. Blanketi lililoloa

Nimekipachika hapa kwa sababu hakiuzwi. Blanketi zito likitoka kwenye beseni, likamue hadi tone la mwisho, ukisokota mara kulia, mara kushoto. Vidole, kifundo na kigasha vyote vinaitwa kazini, tena kwenye mwendo wa kusokota ambao kibano cha springi hakijawahi kuusikia. Waliofua kwa mikono miaka thelathini ndio wanaofungua ile chupa ya jamu bila kukunja uso, kisha wanakurudishia bila kusema kitu. Nusu nyingine ya nambari nimeinyima kwa sababu binafsi: sipendi kufua blanketi.

4. Rababendi

Zile za kufungia noti. Gharama yake ni kumwomba mwenye duka kwa adabu. Vaa mbili au tatu kwenye ncha za vidole vyote vitano, kisha fungua kiganja polepole, mara 20, na urudi polepole vile vile.

Utacheka. Kichekesho kikiisha, fanya hili hapo ulipo: kunja kifundo cha mkono kabisa kwa ndani, kiganja kielekee kwenye kigasha, kisha jaribu kukaza ngumi kwa nguvu zako zote. Hazipo. Zimekwenda wapi? Ili vidole vibane vizuri, kifundo lazima kinyooke au kielekee nyuma kidogo, na wanaokishikilia hapo ni misuli ya upande wa nyuma wa kigasha, kundi moja na ile inayofungua vidole. Hiyo ikichoka, ya kubana nayo haina pa kuegemea. Na hiyo ndiyo inayohusika na yale maumivu ya upande wa nje wa kiwiko ambayo madaktari huyaita kiwiko cha tenisi, hata kwa mtu ambaye tenisi ameiona kwenye televisheni tu.

Vifaa karibu vyote vya dukani vinakufundisha kufunga mkono. Hiki cha bure ndicho kinachokufundisha kuufungua. Shemeji hana rababendi. Shemeji ana kiwiko kinachouma, na anasema ni baridi.

3. Gripa za chuma

Vueni kofia. Hizi ni mipini miwili ya chuma na springi nene isiyo na kitufe, isiyo na taa, isiyo na kihesabio. Mipini inagusana au haigusani. Hakuna kifungu cha "nilikaribia".

Zilizojenga jina kuliko zote ni Captains of Crush za kampuni ya IronMind ya California. Kila moja ina daraja lake: ya mafunzo hukadiriwa takriban kilo 45, Namba 1 kilo 64, Namba 2 kilo 88, Namba 3 kilo 127, na Namba 4 karibu kilo 166. Namba 2 tu huwaaibisha watu wengi wenye vifua vya kutisha. Namba 3 ilipata mtu wa kwanza wa kutambuliwa rasmi mwaka 1991, Mmarekani Richard Sorin. Namba 4 ilikaa ikiwasubiri wanadamu hadi mwaka 1998, Joe Kinney alipoifunga, na orodha ya walioifuata rasmi unaweza kuihesabu kwa vidole, kama bado vinakunjika. Mmoja wao ni Msweden Magnus Samuelsson, aliyekuwa bingwa wa shindano la mtu mwenye nguvu kuliko wote duniani mwaka huo huo wa 1998.

Ukitaka kununua, usinunue kwa sifa. Nunua mbili. Ya kwanza iwe ile unayoweza kuifunga mara nane hadi kumi bila kuuma meno. Ya pili iwe ile inayokushinda kwa unene wa kidole. Ile nyepesi ni ya kuupasha mkono moto. Ile inayokushinda ndiyo mwalimu: jaribio moja moja, mapumziko ya kutosha, majaribio machache, kisha iweke kabatini hadi kesho kutwa. Ngazi kati ya namba na namba ni ndefu, ndiyo maana kampuni ikaongeza za nusu, na usione aibu kununua nusu. Nakala za bei nafuu zimejaa, nyingine si mbaya hata kidogo, ila namba ya nakala hii usiilinganishe na namba ya nakala ile. Kila springi ina kabila lake.

Kwa nini isiwe ya kwanza? Kwa sababu inafanya kazi moja tu kati ya nne, kukamua, na kwa sababu gripa halisi, hadi ikufikie na ushuru juu, unaweza kuwa umeshanunua mbuzi. Mbuzi pia anajenga mkono, ukimshika kamba.

Shemeji akija nayo, muulize namba. Akijibu "hii ni ya kawaida", badilisheni mada.

2. Chuma cha kuning'inia, na taulo

Bomba lililofungwa imara, goli la uwanja wa shule, tawi la mwembe unalolifahamu vizuri. Mwembe, nimesema. Mpapai si kifaa cha mazoezi, ni kifaa cha kuvunjikia.

Ning'inia. Basi. Mzigo ni wewe mwenyewe, na hauwezi kudanganya kilo zako kama unavyozidanganya kwenye mizani ya duka la dawa kwa kuvua viatu. Anza na sekunde 20, ukifika sekunde 60 bila kutoa sauti za ajabu, uko pazuri. Mwenye mwili mkubwa asikate tamaa: aweke miguu kwenye stuli na kuipunguza kidogo kidogo. Mabega yakilalamika, shuka; hakuna medali.

Kisha tupia taulo juu ya bomba na ushike ncha zake mbili. Karibu kwenye dunia nyingine. Sasa unashika kitu kinene, laini, kinachoteleza, na mkono unagundua kwamba muda wote ulikuwa unabebwa na ule wembamba wa bomba. Unene ni mzigo wenyewe. Aliyeufanya unene uwe biashara ni Mwingereza Thomas Inch wa Scarborough, mwanzoni mwa karne ya 20. Alikuwa na dambeli ya kilo 78 na ushee. Kwa wanyanyua vyuma kilo 78 si habari, wanazinyanyua wakizungumza. Lakini mpini wa dambeli ile ulikuwa na unene wa sentimita 6 hivi, kiasi kwamba vidole havifiki kukutana na dole gumba, na kila ukiinyanyua kwa mkono mmoja inajizungusha itoke. Wenye misuli walikuja, wakavuta, wakaondoka wakitazama viatu vyao. Siku hizi kuna mifuniko ya mpira inayouzwa ya kunenepesha mipini ya vyuma, na inafanya kazi. Taulo pia linafanya kazi. Chagua ambalo mama hatalitafuta.

Tangazo kabla ya mshindi

Utani pembeni kidogo. Kushika kitu kizito huku umebana pumzi hupandisha presha ya damu kwa muda, kwa hiyo pumua, na mwenye presha azungumze na daktari wake kwanza. Kuna upande wa pili wa jambo hili: kubana kwa wastani, kiasi cha asilimia 30 ya uwezo, kwa dakika mbili mbili mara nne, kumechunguzwa kama msaada wa kushusha presha. Hilo nalo liulize hospitali, si kwenye orodha yenye habari za mpapai. Na kano hujengeka taratibu kuliko misuli. Siku mbili au tatu kwa wiki zinatosha. Ukiamka vidole vimekakamaa na vinauma kwenye maungo, hiyo ni likizo, ichukue.

1. Madumu mawili ya maji

Ya njano, ya lita 20, yaliyoingia mtaani yakiwa na mafuta ya kula na yakaamua kubaki. Jaza, shika moja kila mkono, nyoosha mgongo, tembea.

Najua ulitarajia kitu chenye kasha. Lakini hebu tulipime dumu kwa vigezo vyetu. Je, mzigo unaongezeka? Lita moja ya maji ina kilo moja, kwa hiyo dumu ni chuma chenye mizani ndani yake. Anza na lita 10 kila mkono, wiki ijayo 11, wiki inayofuata 12. Nionyeshe duka linalouza vyuma vya kupanda kilo moja moja hadi 20 kwa bei ya dumu tupu. Je, linachosha kigasha? Tembea hatua 40 uniandikie barua, kama kalamu itashikika. Na lina zawadi ambayo kibano hakina: mabega, mgongo, tumbo na miguu vyote vinalipwa kwa safari ile ile.

Wenye mashindano wanalijua hili zoezi tangu zamani, wanaliita matembezi ya mkulima, na ni la kawaida kwenye shindano la mtu mwenye nguvu kuliko wote duniani. Huko Potarch, Uskoti, yapo mawe mawili yenye pete za chuma, jumla yake kilo 332 na ushee. Inasimuliwa kwamba mwaka 1860 Donald Dinnie aliyashika yote mawili, moja kila mkono, akavuka nayo upana wa daraja. Hadi leo watu hufunga safari kwenda kuyajaribu, na mengi ya majaribio hayo huishia pale pale mawe yalipo.

Utasema: wabeba maji tunao kila mtaa. Kweli, ila wengi hubeba kichwani. Shingo zao ni za kuheshimiwa kimataifa, lakini mkono umebaki na njaa. Unaligusa dumu kwa ncha za vidole lisianguke, na kazi yake imeishia hapo. Dumu lining'inie mkononi.

Mpini wake mwembamba unauma? Vizuri kwamba umeuliza. Uviringishie kipande cha tyubu ya baiskeli, mizunguko kadhaa, uufunge kwa kamba. Sasa haukukati vidole, na umenenepa: umejitengenezea mpini wa Thomas Inch kwa fundi baiskeli. Ukitaka ugumu zaidi bila kuongeza kilo, usilijaze. Dumu la nusu linacheza, maji yanakimbilia mbele na nyuma, na mkono unalazimika kulituliza kila hatua. Lita 12 zinazocheza zina kiburi kuliko 15 zilizotulia.

Hatua 30 hadi 40, weka chini kwa kukunja magoti, pumzika, rudia mara nne. Vidole vikianza kufunguka vyenyewe, tua hapo hapo. Usisubiri dumu lichague mguu. Kazi ya kufinya, ambayo madumu hayaifanyi, mpe tofali la kuchoma: dole gumba upande mmoja, vidole vinne upande wa pili, linyanyue na ulishikilie sekunde 15. La kuchoma, tafadhali. La saruji la inchi sita muachie shemeji, tumuone.

Kwa hiyo mwenye fedha za kifaa kimoja tu, anunue gripa ya chuma inayomshinda kidogo, na rababendi akaombe dukani. Asiye na fedha asinunue kitu, dumu analo. Na ukishamaliza mizunguko yako minne, maji hayo usiyamwage. Yapeleke jikoni, kuna watu wanasubiri kupika.